Kiswahili katika Mitaala ya Uganda: Somo Lililoitwa Likafukuzwa

Neno mtaala tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kusoma jambo kwa makini. Siku hizi tunalitumia kwa maana pana zaidi, yaani mpango unaoamua kitu gani kifundishwe, kwa nani, kwa lugha gani, kwa muda gani, na kipimwe vipi. Mwanafunzi mpenzi, ukiitazama ratiba iliyobandikwa ukutani mwa darasa lako, unaona saa na majina ya masomo tu. Nyuma ya ratiba hiyo yapo mabishano ya miaka mingi, na nchini Uganda hakuna somo linaloyadhihirisha kuliko Kiswahili.

Lugha hii haikuletwa Uganda na shule. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika katika kasri ya Buganda tangu enzi za Kabaka Suna II, na wamisionari wa Kianglikana walipowasili mwaka 1877 walikuta Kiswahili kimekwisha kuzoeleka hapo. Alexander Mackay, mmoja wao, alitamani kiwe lugha ya eneo zima la ndani. Askofu Alfred Tucker, aliyekuja mwaka 1890, alikataa katakata. Kwake yeye Kiswahili kilikaribiana mno na Uislamu. Basi Biblia na vitabu vya kusomea vikachapishwa kwa Kiganda, na kwa kuwa shule karibu zote zilikuwa za misheni, uamuzi wa askofu ukawa ndio mtaala. Hakuna baraza lililoketi wala sheria iliyopitishwa.

Serikali ya kikoloni ilianza kujihusisha na elimu kwa dhati katika miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza shule zifundishe kilimo, afya na kazi za mikono kulingana na mazingira ya mwanafunzi. Pendekezo hilo lina busara likisomwa leo. Wazazi wa wakati ule, hata hivyo, waliona kwamba mshahara wa karani ulihitaji Kiingereza, wala si jembe, na wengi wakashuku kwamba watoto wao walikuwa wakiandaliwa kubaki chini. Nadhani hawakukosea kushuku.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akitaka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: lugha za Uganda ni nyingi, haziwezi zote kuandikiwa vitabu na kupatiwa walimu, na Kiswahili kingewaunganisha watu na majirani zao. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akaandika kumpinga. Wanafunzi wengi husimuliwa kwamba Waganda walikikataa Kiswahili kwa kiburi cha lugha yao. Maelezo hayo hayatoshi. Wakati ule ule Waingereza walikuwa wakijadili kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika chini ya mamlaka moja, na Waganda waliyaona yaliyoipata ardhi ya Waafrika nchini Kenya mikononi mwa walowezi. Lugha moja ilionekana kuwa mlango wa serikali moja, na serikali moja kuwa mlango wa kupoteza ardhi na heshima ya Kabaka. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na suala la Kiswahili likaambatana na suala la muungano. Somo la shule lilikuwa limebebeshwa mzigo wa siasa ya ardhi. Maaskofu nao walikuwa upande wa kupinga, kwa sababu zao. Kufikia miaka ya 1950, Kiswahili kilikuwa kimeondolewa shuleni, kikabaki katika kambi za askari na polisi.

Huko kambini ndiko kilikoharibiwa jina. Mtoto aliyekulia Uganda baada ya uhuru wa mwaka 1962 alikisikia zaidi kwa mtu mwenye bunduki kuliko kwa mwenye chaki. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na mwaka huo huo, kwa amri nyingine, kikaanzishwa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala. Mtu angetarajia mambo hayo mawili yakutane, lugha ya taifa ipatiwe silabasi, vitabu na vyuo vya walimu. Hayakukutana kwa uzito wowote. Kiswahili kilisikika redioni na vizuizini barabarani, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 wananchi wengi walikuwa na sababu za kutopenda kukisikia.

Tume iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi iliwasilisha ripoti yake mwaka 1989, na Waraka Mweupe wa Serikali wa mwaka 1992 ukakipa Kiswahili nafasi ya lazima shuleni. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Yote mawili ni maneno mazito. Hata hivyo, mtahiniwa wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanya karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kiswahili hakimo. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa matokeo ya karatasi hizo nne, akiwa na kipindi kimoja cha ziada, hukipa Hisabati. Mimi simlaumu. Mtihani ndio sehemu ya mtaala inayosomwa na kila mtu.

Mabadiliko yaliyogusa darasa kweli yalianza Februari 2020, ulipoingia mtaala mpya wa sekondari ya chini. Katika Kidato cha Kwanza na cha Pili mwanafunzi husoma masomo 12, na 11 kati yake ni ya lazima, Kiswahili kikiwemo. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Julai mwaka huo Baraza la Mawaziri likaamua Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya walifanya mtihani wao mwaka 2024, asilimia 20 ya alama zikitokana na kazi walizofanya shuleni.

Umahiri unaodaiwa na mtaala huu ni mwanafunzi kuzungumza, kuhoji na kuandika kwa ajili ya maisha, si kukariri ngeli. Lakini darasa la Kidato cha Kwanza aghalabu hukusanya watoto ambao hawakukiona Kiswahili hata siku moja katika shule ya msingi, na walimu waliosomea somo hili ni wachache, hivi kwamba mmoja hugawanywa baina ya mikondo mingi. Kuanzia Kidato cha Tatu somo ni la hiari. Kwa hiyo mwalimu huanza na salamu, huku akijua kwamba ana miaka 2 tu kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuliacha.