Mzee Mwenye Mwendo Mzito

Sisi tunaokaa Komanda, penye njia panda ya Bunia, Beni na Mambasa, twajua kuruka pembeni pikipiki ijapo. Lakini wako wazee ambao mguu wao hautii upesi. Honi wameisikia, hatari wameiona, ila mwili wakawia. Tena wakiguswa kidogo huanguka. Hapo watu husema: "Amelewa," au "Amelogwa." Maneno hayo si kweli, nayo yamfungia mgonjwa mlango wa kutibiwa.

Habari ya ugonjwa huu yajulikana tangu zamani. Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, aliandika kitabu kidogo juu ya wagonjwa 6, na wengine wao aliwaona njiani tu. Mikono yao ilitetemeka ikiwa imetulia, mwili uliinama mbele, na hatua fupi ziligeuka mbio wasizozitaka. Sababu hakuijua. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenziwe walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huo, wakaona umepungukiwa na dopamini, kitu kinachosaidia ubongo kuuongoza mwili. Kumbe si pombe wala uchawi! Mwaka 1967 George Cotzias wa New York alionyesha ya kuwa dawa ya levodopa, ikimezwa na kuongezwa kidogo kidogo, yalegeza mwili uliokakamaa.

Mfano wa mgonjwa huyo twamjua sote. Mwezi wa Mei 1980 Papa Yohane Paulo II alifika Kisangani, mtu wa nguvu, mpenda milima. Katika miaka ya 1990 mkono wake ulianza kutetemeka na mwendo wake ukawa mzito, hata mwisho akawa akisukumwa juu ya kiti. Alifariki tarehe 2 Aprili 2005. Je, nani kati yetu angethubutu kusema kwamba Baba Mtakatifu alilogwa?

Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, madaktari walitafuta wagonjwa katika watu 161,071, wakapata 33. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2008. Wengi wao walikuwa hawajaambiwa kamwe na daktari jina la ugonjwa wao.

Basi tufanyeje? Kwanza, mgonjwa apelekwe kwa daktari. Lakini tujue neno hili: dawa husaidia mkono na mguu kuliko inavyosaidia usawa wa mwili. Anayetumia dawa aweza kuanguka bado. Kwa hiyo tusimwite kwa ghafula kutoka nyuma, wala tusimsemeshe anapovuka barabara. Akitaka kugeuka, azunguke taratibu, asijipinde mahali pamoja. Miguu ikiganda mlangoni, tusimvute. Tumhesabie moja, mbili, au tumwimbie wimbo wenye mapigo, na mara nyingi hatua hurudi.

Liko neno la mwisho. Katika Ituri yetu watu wamekimbia vita mara nyingi, na mwenye mwendo mzito ndiye abakiye nyuma. Jamaa wasingoje milio ya bunduki ndipo waulizane. Wapatane leo, wakiwa wamekaa kwa amani nyumbani: nani atamshika mzee mkono, na nani atabeba dawa yake?