Wimbo wa Viumbe

Wimbo wa Viumbe (pia Wimbo wa Kaka Jua) ni sala ya kumsifu Mungu iliyotungwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Italia, takriban mwaka 1225. Haukutungwa kwa Kilatini cha kanisa bali kwa lugha ya watu wa Umbria, na huhesabiwa miongoni mwa tungo za kale kabisa za fasihi ya Kiitalia.

Hali ya mtunzi ndiyo inayoupa uzito. Fransisko alikuwa San Damiano, kwenye monasteri ya Mtakatifu Klara, mgonjwa na karibu kipofu. Mwanga wa jua na wa moto ulimuumiza macho. Hata hivyo kiumbe cha kwanza kutajwa ni jua, na moto nao umo, ukisifiwa kwa uzuri na nguvu zake. Alimshukuru Mungu kwa vitu ambavyo hakuweza tena kuvitazama bila maumivu. Faraja yake, basi, haikuwa ya kukana mateso. Wasimulizi wa maisha yake hueleza kwamba tabibu alipotaka kumtibu kwa chuma cha moto, alizungumza na moto kama ndugu, akiuomba umwonee huruma.

Katika wimbo huo, upepo ni kaka. Mwezi, nyota na maji ni dada. Ardhi ni dada na mama. Ubeti wa msamaha uliongezwa ili kuwapatanisha askofu na mtawala wa mji wa Asizi, na ule wa dada Kifo uliongezwa Fransisko alipokaribia kufa, Oktoba 1226. Waraka wa Papa Fransisko wa 2015, Laudato si', ulipata jina lake katika wimbo huu.