Masala Kulangwa

Masala Kulangwa ni shujaa wa simulizi maarufu ya Wasukuma, watu wa Shinyanga, Mwanza, Simiyu na sehemu kubwa ya Geita. Ndiye aliyemuua Shing'weng'we, zimwi aliyemeza watu wote na mifugo yote duniani. Kwa Kisukuma masala ni akili, na jina zima hufasiriwa kuwa mwerevu anayeelewa mambo upesi. Upesi huo una utani ndani yake, maana sehemu tamu ya simulizi ni jinsi alivyokosea tangu utotoni.

Zimwi mwenyewe hana utoto. Wagiriki wa kale walijali sana nasaba za viumbe wao wa ajabu: farasi Pegasus alichomoza shingoni mwa Medusa alipokatwa kichwa, na Typhon alizaliwa na Gaia, yaani Dunia. Shing'weng'we anaingia akiwa tayari mkubwa, tumbo limejaa, na msimulizi hajisumbui kutaja wazazi wake.

Mwanamke mmoja tu, mjamzito, alisalimika kwa kujificha ndani ya lundo la makapi. Nani apekue makapi, kitu kinachosukumwa pembeni baada ya nafaka kupepetwa? Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipopata fahamu akauliza: mbona tuko wawili tu, wenzetu wako wapi? Mama akamweleza yote, na tangu hapo kijana akaanza kumsaka adui asiyemjua hata kwa sura.

Siku moja aliua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba amemmaliza zimwi huko vilimani, mama ashangilie. Mama hakumcheka wala hakumkaripia. Alimwambia huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Siku nyingine akaleta ndege, kisha swala mdogo, kisha mnyama mkubwa zaidi. Wimbo ni uleule na jibu ni lilelile. Kinachokua ni kitoweo.

Mwambao una ndugu wa kisa hiki. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Zanzibar, kitinda mimba wa sultani anamsaka Nunda mla watu. Anaanza na mbwa, anafika hadi tembo, na kila mara mama yake anamwambia siye. Kule Lesotho kuna Senkatana, naye mtoto wa mwanamke aliyebaki peke yake baada ya dubwana kumeza watu. Ugiriki, Kronos aliwameza wanawe watano. Wa sita, Zeus, akafichwa na mama yake Rhea kisiwani Krete, na Kronos akapewa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Ila Zeus hakuwahi kumdhania panzi kuwa Kronos.

Hatimaye Masala Kulangwa alimpata Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo. Akatoka baba yake, wakatoka jamaa, wakatoka watu wote. Kwa mtu wa Geita, ambako mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huitwa maduara, picha ya watu wakitoka mmojammoja gizani, macho yakiumizwa na mwanga, si ngeni.

Bahati mbaya, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi hakushukuru kuokolewa. Alikasirika, akataka kumroga. Kijana alilindwa na rafiki zake, akatafuta dawa, akamponya, ndipo watu wakamtawaza kuwa mtemi na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi. Utemi wenyewe ulifutwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963, lakini simulizi haikufutika nao. Mapadre wa Maryknoll, Joseph Healey na Donald Sybertz, waliiingiza katika kitabu chao cha mwaka 1996 na kumfananisha kijana huyu na Kristo mkombozi. Ulinganisho huo unakaa vizuri tumboni mwa zimwi. Kwenye sikio la bibi unahitaji mhubiri hodari.