Tingatinga Ikinyamaza, Pima Waya Kwanza

Wasee wa Machakos, kila mtu siku hizi anataka kazi ya kompyuta, na akilini anaona ofisi yenye AC. Lakini kuna kompyuta kibao kaunti hii ambazo hazijawahi kuona ofisi. Ziko ndani ya ekskaveta, greda na malori, kwenye vumbi la machimbo ya mawe kule Mlolongo na Athi River.

Mashine moja ya kisasa ina kompyuta kadhaa: ya injini, ya pampu za haidroli, ya skrini iliyo mbele ya opereta. Zinaongea mchana kutwa. Zikinyamaziana, mashine ya mamilioni inakaa hapo kama jiwe, na taniboi anayelipwa kwa siku anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hivyo swali la nani anajua kutafuta hiyo hitilafu ni swali la nani atakula. Na jibu lake ni la zamani kuliko gari lenyewe.

Turudi 1858. Waingereza na Wamarekani wanalaza kebo ya telegrafu chini ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu, zinachukua saa 16 kufika. Fundi wa umeme Wildman Whitehouse anaona dawa ni nguvu, anasukuma umeme wa karibu volti 2,000. Kebo inakufa baada ya wiki kama tatu. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa na wazo tofauti: tumia umeme kidogo, halafu tengeneza kifaa makini cha kuusoma. Kwa ufupi, pima. Historia ilimpa haki Thomson.

Huku kwetu waya ilitangulia reli. Mwaka 1879 kebo ya baharini iliunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia huko, London. Mwaka 1896 reli ya Uganda ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, nguzo za telegrafu zikiandamana nayo. Kule Nandi, watu waliokuwa wakipinga utawala wa Waingereza walikata waya hiyo na kuitengenezea mapambo. Kwa mkoloni hiyo ilikuwa hitilafu ya mawasiliano. Kwa Wanandi ilikuwa shaba na chuma kilichopita kwao bila kupiga hodi.

Sasa waya ikikatika, fundi wa telegrafu anafanyaje? Hatembei njia nzima akiangalia juu. Anaita stesheni moja baada ya nyingine. Hii inajibu, inayofuata haijibu, basi tatizo liko katikati. Halafu anapima ukinzani wa waya ili akadirie umbali. Shikilia hiyo mbinu, tutairudia.

Ruka hadi miaka ya 1980. Magari yamejaa sensa na swichi, na kila kitu kinataka waya yake. Mzigo mtupu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaanza kazi mwaka 1983, na Februari 1986 ikaonyesha mfumo wake kule Detroit. Unaitwa CAN. Wazo lake ni rahisi: kompyuta zote zishiriki waya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila ujumbe una namba, na wenye namba ndogo unapita kwanza, kama ambulensi kwenye raundabauti. Mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Malori na mashine nzito zikapata lugha yao juu ya waya hizo, J1939. Kisha sheria za moshi zikasukuma mambo: Marekani ilianza kubana injini za dizeli za mashine za ujenzi mwaka 1996, na kadiri sheria zilivyokaza, injini ya kuendeshwa kwa spana pekee ikabaki nyuma.

Hapo ndipo watu wengi huogopa, na hapo ndipo mimi nasema acheni uoga. Kwenye kila mwisho wa hizo waya mbili kuna kizuizi cha omu 120. Zima umeme wa mashine, weka mita katikati ya waya hizo mbili. Ukisoma karibu omu 60, uko sawa, kwa sababu 120 mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukisoma 120, upande mmoja umepotea. Ukisoma karibu sifuri, waya zimegusana. Washa sasa: zikitulia, kila moja inakaa karibu volti 2.5. Zikiongea, moja inapanda hadi 3.5 na nyingine inashuka hadi 1.5. Bado haieleweki? Chomoa kompyuta moja baada ya nyingine uone ni ipi ikitoka wenzake wanaanza kuongea. Hii inajibu, hii haijibu. Ni telegrafu ileile.

Na skrini ikiandika FMI 9, haijasema kompyuta imekufa. Imesema ujumbe hauji kwa mwendo unaotarajiwa. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: pini iliyoshika kutu, maji yaliyoingia kwenye plagi wakati wa kuosha, waya iliyosuguliwa na mtetemo pale mkono wa mashine unapojikunja. Lakini fundi wa pata potea anamwambia mwenye mashine anunue kompyuta mpya. Huyo ni Whitehouse na volti zake.

Kuna kizuizi kingine ambacho mita haikipimi. Programu za kusoma mashine kwa undani ziko mikononi mwa watengenezaji. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012. Colorado ikapitisha ya mashine za kilimo mwaka 2023, ikaanza kazi 2024. Na sisi tuidai hapa, hasa kwa mashine zinazojenga barabara zetu.

Nasema hivi kwa sababu Machakos inajua kupitwa. Ilikuwa kituo kikubwa cha utawala wa Waingereza huku bara, lakini reli ikapita kando, na mwaka 1899 makao yakahamia Nairobi. Mwaka 2022 Expressway ikafunguliwa, kilomita 27, na inaanzia Mlolongo, ndani ya kaunti yetu. Mashine zilikuja, zikafanya kazi, zikaondoka. Nyingine zitakuja.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuwatishia nayo. Lakini mita ya kawaida haiulizi cheti. Kabla msee akwambie kompyuta imeungua, mwambie akuonyeshe ile 60.