Trekta kuukuu na udongo wa Walungu

Mwezi wa tisa ukikaribia na mvua ya kwanza ikiwa njiani, wakulima wa Walungu huuliza tena: trekta litatufikia lini? Swali ni la haki. Mama anayelima kwa jembe kuanzia alfajiri anajua uzito wake mgongoni. Lakini historia ya matrekta ya zamani inatufundisha kuuliza na mengine.

Wengi wakisema trekta, wanafikiria lile jekundu la Massey Ferguson. Babu yake ni Ferguson TE20 la kijivu, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000. Harry Ferguson alifunga plau nyuma ya mashine kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Plau haikukokotwa tena kama mkokoteni, na mashine nyepesi ikafanya kazi ya mashine nzito. Massey Ferguson 135 la mwaka 1964 lilifuata njia hiyo. Halina kompyuta. Fundi mwenye funguo zake, akipata vipuri, analifungua na kulifunga chini ya mti. Ndiyo maana matrekta ya umri huo bado yanalima Afrika ya Mashariki.

Hata hivyo, mashine peke yake haivunishi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, hasa Kongwa. Walileta matrekta yaliyotumika na jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengine yakaundwa kwa kutumia vifaru vya vita vya Sherman. Mizizi ya pori iliyavunja, udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, madereva hawakuwa na mafunzo ya kutosha na vipuri vilichelewa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Kwetu Kivu, kikwazo kilianzia kwenye ardhi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, ambayo iliwagawia walowezi mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini. Mkulima wa Ngweshe alibaki na kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa udongo, akapewa mahali pa kuishi na kulima. Asiye na ng'ombe alitafuta bwasa, shamba la muda tu. Kisha sheria ya Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya serikali. Haki za kimila zingepangwa kwa amri ya rais, lakini makumi ya miaka yalipita bila amri hiyo. Wenye pesa na elimu walijua njia ya kupata hati. Mwenye kalinzi hakuijua.

Leo, vilimani, familia nyingi zina vipande vidogo vilivyotawanyika. Trekta likipanda huko, litageukia wapi?

Lakini Walungu si vilima tu. Ukishuka Ngomo unafika Kamanyola, kwenye uwanda wa Ruzizi, ambako ardhi ni tambarare. Mbele zaidi, katika eneo la Uvira, kuna Kiliba, ambako miwa ililimwa kwenye mashamba makubwa mpaka kiwanda cha sukari kilipozimwa na vita mwaka 1996. Mashine zipo au hazipo, bila usalama hakuna kilimo.

Basi ndugu msomaji, kiongozi akija kutuahidi trekta, tumshukuru, kisha tumwulize: Litalima shamba la nani, na hati iko kwa jina gani? Nani atalitengeneza likikwama? Mazutu na vipuri vitatoka mfuko upi? Na mama mwenye kipande kimoja cha bwasa, zamu yake itakuwa lini?

Asipokuwa na majibu, trekta hilo litaota kutu, na jembe litabaki mikononi mwa mama.