Nguruwe wakipaa: Kiingereza kinavyosema "hilo halitatokea"

Siku hizi Kiingereza hakikai darasani tu. Huku Tandala kinakuja na mgeni wa kanisani, Makambako na Njombe mjini kinakuja na mnunuzi wa parachichi, na kila mahali kinakuja na filamu kwenye simu. Kinachotuchanganya zaidi si maneno magumu. Ni pale mtu anaposema jambo kwa upole, wewe ukaelewa ameahidi, kumbe ameshakuambia halitatokea. Wasikilizaji wameuliza kuhusu hilo zaidi ya mara moja, kwa hiyo tumeliandika hapa ili ulisome kwa nafasi yako.

Tuanze na msemo ulio wazi kuliko yote: "when pigs fly", yaani nguruwe watakapopaa. Kwa mkoa wetu wenye mabanda ya nguruwe kila kijiji, hakuna haja ya maelezo marefu. Kuruka banda anaruka, tena usiku wa mvua, kupaa hawezi. Mtu akiulizwa atalipa lini deni akajibu hivyo, usiweke tarehe kwenye daftari. Msemo huu ni mkongwe. Umo katika kamusi ya John Withals, toleo la 1616, na humo nguruwe wanapaa mkia ukiwa mbele. Lewis Carroll naye aliwataja nguruwe wa kupaa mwaka 1865 katika hadithi ya Alice, ile iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu.

Halafu kuna kituko cha tarehe 4 Novemba 1909. Rubani Mwingereza, John Moore-Brabazon, alimtia nguruwe mdogo ndani ya kapu, akalifunga kwenye ndege yake, akapaa naye. Kwenye kapu aliweka kibao kinachotangaza kwamba huyo ndiye nguruwe wa kwanza kupaa. Waingereza walicheka, na msemo wakaendelea kuutumia vilevile.

Angalia neno la kwanza la msemo. Kiingereza kina "if" kwa jambo lisilo na uhakika, na "when" kwa jambo ambalo wakati wake unangojwa tu. Utani wote uko hapo: anatumia neno la uhakika kwa jambo lisilowezekana. Kiswahili nacho kinatenganisha, tena ndani ya kitenzi chenyewe. Anayesema "barabara itakapokamilika" anaamini. Anayesema "ikikamilika" ameacha mlango wazi. Anayesema "ingekamilika" ameshakata tamaa. Na kuna "eti", herufi tatu tu: "Eti barabara inakamilika mwakani." Hapo msemaji amekupa habari na papo hapo amejitoa kwenye ushahidi. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa "supposedly" au "so they say", na mara nyingi kwa sauti tu, ndiyo maana kwenye ujumbe wa simu unaweza usiigundue.

Sisi tuna misemo yetu ya namna hii. Kungoja meli uwanja wa ndege. Kungoja embe chini ya mnazi. Ndoto za Alinacha, yule wa hadithi za Alfu Lela Ulela aliyeota utajiri mpaka akapiga teke kapu lake la vyombo vya kioo. Ukilinganisha, utaona Kiswahili hupenda kumcheka anayengoja, wakati Kiingereza mara nyingi hulicheka jambo lenyewe. Unaomkaribia wetu ni "don't hold your breath": usibane pumzi ukingoja, utakufa kabla. Na "I'll believe it when I see it" ni Tomaso mtupu, nikiona ndipo nitaamini.

Mmoja unahitaji tahadhari. "Once in a blue moon", mara moja mwezi unapokuwa wa buluu, haumaanishi kamwe. Unamaanisha mara chache sana. Siku hizi mwezi wa buluu ni jina la mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na hutokea takriban kila baada ya miaka miwili na nusu. Ulionekana mwishoni mwa Agosti 2023. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia anafika Makete hivyo, anafika kweli, ila usimpangie mavuno.

Misemo ya nguruwe na mwezi haimpotezei mtu fedha. Maneno ya upole ndiyo yanayopoteza. "I doubt it" si "nina shaka kidogo, tuendelee kuongea". Kwa kawaida ni hapana iliyovishwa koti. "It's unlikely" ni kwamba haielekei kutokea. "I wouldn't count on it" ni usilitegemee. "I'll see what I can do" ni nitajaribu, na huenda asijaribu. "We'll see" ni tutaona, na hapa tunaelewana vizuri, maana hata mama akimwambia mtoto "tutaona" kuhusu viatu vipya, mtoto anajua.

La hatari kuliko yote ni "hopefully". Umeuliza kama lori la parachichi litafika Alhamisi, ukajibiwa "hopefully". Hilo ni tumaini lake, si ratiba. Ukichuma Jumatano, tunda halirudi mtini, na hasara ni yako. Uliza tena kwa namna inayodai jibu moja: "Is it confirmed?", yaani imethibitishwa? Akikwepa, umeshajibiwa. Akisema ndiyo, mwombe aandike siku hiyo kwenye ujumbe.

Lakini mashaka ya mtu, hata yakiandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ni mashaka tu. Wakazi wa Makambako wana ushahidi unaopita mjini kwao. Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliona reli ya kuunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam haina faida kiuchumi, na nchi za Magharibi hazikuwa tayari kuijenga. Lugha ya ripoti haina nguruwe ndani yake, ila maana ilikuwa ileile. Mwalimu Nyerere alikwenda China mwaka 1965, mkataba ukasainiwa mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1975 kilomita 1,860 zilikuwa zimelazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Baadaye TAZARA imepata shida nyingi za uendeshaji, hilo tunalijua. Ila "haitajengwa" na "itasumbua kuiendesha" ni kauli mbili tofauti, na si haki kuichukua ya pili kuwa ushahidi wa ya kwanza.

Upande wa pili tuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa. Shirika la Maendeleo la Taifa lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011. Ilipofika 2023, wananchi waliopisha mradi walianza kulipwa fidia. Miaka hiyo kumi na zaidi watu wamepanga nyumba, mashamba na ada za watoto wakiangalia mlima uleule. Panda basi la Ludewa ukae kimya usikilize: "Liganga itakapoanza", "Liganga ikianza", "Eti Liganga inaanza". Kabla hujafika utakuwa umezisikia zote tatu, pengine kutoka kwa mtu mmoja.