Mashahidi wa Ndani: Jumuiya za Kinamama katika Pwani ya Kusini

Ndoa ya Kiislamu ifungwapo msikitini, iwe Diani, Msambweni au Vanga, sheria hutaka awepo walii wa bibi harusi, awepo bwana harusi, na wawepo mashahidi wawili wanaume walio waadilifu; na khutba ikishasomwa na mikono ikishashikana, ndoa imetimia, ilhali yule ambaye maisha yake yamegeuka kuliko ya mtu mwingine yeyote katika hafla ile hayupo pale kabisa, bali yumo chumbani kwa mama yake, ameketi juu ya mkeka, na somo wake yu ubavuni pake. Mashahidi wa msikitini wameandikwa katika madaftari ya makadhi. Mashahidi wa chumbani hawakuandikwa, ingawa wao ndio waliomwona mwanamke katika kila kizingiti alichokivuka tangu kuzaliwa kwake hata kufiwa kwake, na habari zao ndizo ninazokusudia kuzieleza hapa kwa kadiri ya uwezo wangu.

Nchi yenyewe huanzia kivuko cha Likoni, ikapita Tiwi, Diani, Gazi na Msambweni, hata ikafika Shimoni na Vanga kwenye mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake walio wengi ni Wadigo, moja ya makabila tisa ya Wamijikenda, na pamoja nao wamo Wavumba wa Wasini na Vanga, Wachifundi, Wasegeju, Waduruma wa upande wa bara, na wazao wa watu walioletwa kwa jeuri kutoka nchi za kusini kuja kulima mashamba ya matajiri. Katika miji ya ufuoni Uislamu una karne nyingi, na Msikiti wa Kongo, ulio mlangoni mwa mto Mwachema hapo Diani, ungali umesimama kuwa shahidi wa mawe. Lakini katika vijiji vya Wadigo dini ilienea hasa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ikibebwa na wafanyabiashara na walimu waliotoka Vumba, Gazi na Mombasa.

Dini hiyo iliwakuta Wadigo wakiwa na kanuni yao ya kale ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, ambayo kwayo mtu alihesabiwa kuwa wa mamaye kabla hajahesabiwa kuwa wa babaye, na mali ya mwanamume ilikwenda kwa mpwawe, mtoto wa dada yake, wala haikwenda kwa mtoto wa kumzaa mwenyewe. Mzozo kati ya urithi huo wa kijomba na faraidhi za Kiislamu ulijaza mabaraza ya wazee na ya makadhi kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza. Mwanamke hakuwa mtawala kwa sababu ya kanuni hiyo, maana mwenye kauli alikuwa mjomba. Walakini ukoo ulipita tumboni mwake na si penginepo, hata kuvunja ungo kwake, kuolewa kwake na kuzaa kwake yakawa mambo yaliyohusu kudumu kwa jamaa nzima. Nadhani hapa ndipo ilipo asili ya taadhima ambayo wanawake waliyapa mambo hayo, na sababu ya kutoridhika kwao kuyaacha mikononi mwa wanaume, hata pale wanaume walipokuwa na vitabu na wao hawana.

Nianze na uzazi, kwa kuwa ndio uliokuwa na majilisi kubwa kuliko zote. Mwanamke akishajifungua, mkunga alimfunga mkaja tumboni, akamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akamwekea uji wenye pilipili manga, na kwa muda wa siku arubaini mzazi hakupika wala hakutoka, bali watu ndio waliomwendea: dada zake, mawifi, majirani, na wakongwe wa fuko lake. Siku ya saba mtoto alinyolewa nywele akapewa jina, na mwenye uwezo akachinja akika. Siku ya arubaini ikitimia, mama na mtoto walitolewa nje kwa ubani na dua. Na katika desturi za harusi za pwani hii, posa ikishakubaliwa, bwana harusi, mbali na mahari ambayo ni haki ya mke mwenyewe, alitakiwa atoe kilemba cha baba, na mkaja na ubeleko wa mama. Nguo ile iliyomfunga mama tumbo siku aliyozaa, na nguo ile aliyombebea mtoto mgongoni, zilitajwa hadharani miaka mingi baadaye, mbele ya jamaa za pande mbili, zikalipwa kama deni lililojulikana siku zote. Sijui katika ada zetu zote heshima iliyo na adili kuliko hii, na huhuzunika nionapo leo vitu hivi vikipachikwa katika orodha ya posa kwa bei tu, bila mtu kukumbuka vinaheshimu nini.

Tangu mwezi wa Juni mwaka 2013, Serikali ya Kenya ilipoondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, wanawake wengi wa Kwale, kaunti ya pwani hii, waliokuwa wakizaa nyumbani wamekuwa wakienda hospitali, na hii ni neema isiyokanika kwa kila aliyepata kumwona mzazi akivuja damu usiku katika kijiji kisicho na gari. Lakini hospitali ilichukua saa ya kuzaa peke yake. Siku arubaini hazikuchukuliwa na mtu, na mkunga aliyepoteza kazi ya usiku ule mmoja amebaki na ile ndefu zaidi, ya kukanda, kulisha na kumkalia mzazi.

Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo, ambaye upande wa Mrima na Unguja huitwa kungwi. Huyu alimfundisha twahara na josho la wajibu, mwenendo mbele ya wakwe, mambo ya unyumba, haki za mume na haki zake mwenyewe. Na uhusiano wao haukukoma kwa mafundisho hayo, kwa maana somo ndiye aliyempeleka chumbani siku ya harusi, na ndiye aliyeitwa mambo ya ndoa yalipoharibika. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenziwe walieleza unyago wa Mrima kwa maneno marefu, na msomaji wa Vanga au Gazi akikisoma atayatambua mengi. Ngoma nyingi za unyago zilikuja na wanawake watumwa kutoka kusini, wakazicheza wao kwa wao, kisha waungwana nao wakazitaka kwa binti zao, na hata kabla ya sheria ya mwaka 1907 iliyoufuta utumwa katika pwani ya Kenya, mwanamke asiyekuwa na hadhi yoyote barazani aliweza kuwa mwalimu mwenye kuheshimiwa chumbani. Anayetaka kuusikia ulimwengu huo kwa ndimi za waliouishi na asome Wanawake Watatu wa Kiswahili, kitabu ambacho Sarah Mirza na Margaret Strobel walikikusanya kwa masimulizi ya mabibi watatu wa Mombasa, mmoja wao akiwa mzao wa watumwa.

Eda nayo ilikuwa na mashahidi wake. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, bila manukato wala mapambo, na wanawake wa mtaa huingia na kutoka kwake, mmoja akileta chakula, mwingine akileta mazungumzo tu, mpaka siku zitimie, aoge, avae nguo nyingine, arudi katika watu. Kwa mwanamke aliyeachwa mambo hayakuwa hivyo. Yeye pia ana eda, twahara tatu kwa mujibu wa Kurani, lakini hakuna aliyemtandikia jamvi, wala hakuna uji uliopelekwa. Alirudi kwao na sanduku lake, akahesabu siku zake peke yake.

Na aliyeachwa hakuwa peke yake katika upweke huo. Ada za kizingiti huwangoja wale wanaovuka, je, asiyevuka? Mwanamke aliyeolewa miaka kumi asizae, aliyezaa watoto wakafa kabla ya arubaini, aliyeletewa mke mwenza bila kuulizwa, huyo hakuwa na siku iliyotajwa katika hesabu za jamaa, maana msiba wake haukuwa na mwanzo wala mwisho. Mwanamke wa namna hii, katika pwani ya kusini, ndiye aliyeonekana kwenye kilinge.

Kilingeni pepo aliitwa kwa ngoma yake, kayamba au nyinginezo, kwa kitambaa cha rangi yake, chekundu, cheusi au cheupe, na kwa udi na ubani. Akipanda kichwani mwa mgonjwa hutaja jina lake na kabila lake, Mwarabu, Mmasai, Mgala au Mzungu, husema amekasirishwa na nini na anataka nini, na mume hutakiwa atimize. Mwaka 1975, mtaalamu Mwingereza aitwaye Roger Gomm, aliyefanya uchunguzi wake kati ya Wadigo, alichapisha katika jarida la Man makala mashuhuri ambayo hoja yake ni kwamba mapepo yale yalikuwa njia ya wanawake wanyonge kudai kwa waume zao vitu ambavyo kwa ulimi wao wenyewe wasingevipata. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa miaka mingi wasomi wamejifunza kwayo; lakini naona imeitazama ngoma kutoka mahali alipoketi mume, kwenye mfuko wa fedha. Nguo na pete vilivyodaiwa vilikuwa kitu kidogo. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba kwa usiku mzima wanawake waliacha kazi zao wakamzunguka mmoja wao, wakaimba kwa ajili yake, wakalisikia shauri lake likisemwa kwa sauti kuu mbele ya wote, lile ambalo asubuhi yake lisingetajika. Na akishapona, au akishapoa, aliingia katika jamaa ya wale waliopitia njia hiyo hiyo, akaitwa kwenye ngoma za wengine, na huenda baadaye akawa fundi mwenye kilinge chake. Tasa aliyekosa arubaini alipata hapa mkusanyiko wake. Sisemi ya kwamba mapepo ni kweli au si kweli. Nasema waliokusanyika walikusanyika kweli.

Wanazuoni hawakuridhika, na sababu zao si za kupuuzwa, maana yako mambo kilingeni ambayo muumini hawezi kuyalinganisha na tauhidi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kushika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1937, alitumia kalamu yake kuwakemea Waislamu wa pwani kwa israfu na kwa mila alizoziona kuwa zimeipaka dini matope. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968, aliendelea na kazi hiyo ya kupambana na bid'a, ingawa ndiye yeye yule aliyetuhifadhia kwa ustadi ada za harusi za Unguja katika kitabu. Katika vijiji vingi vya Kwale kilinge kimepungua kwa wito huo, na kwa shule, na kwa watu kuhama. Jambo ambalo wengi hawakulifikiria ni hili: ngoma ile ikishanyamaza, mwanamke mwenye msiba usio na siku aende wapi?

Jibu lilikwisha kuwa ndani ya nyumba. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, yalikuwa yakisomwa pwani kote, na kinamama waliyajifunza katika madrasa na nyumbani, wakawa na maulidi yao wenyewe, wao wasomaji, wao wenye dufu, wao wenye kusimama pamoja pafikapo mahali pa kusimama. Mbali na maulidi ya mwezi wa Mfungo Sita yako maulidi ya nadhiri, ambayo mwenye nyumba huyaweka kwa haja yake mwenyewe: mtoto amepona, mume amerudi, mtihani umepita, tumbo lililokataa limekubali. Mwenye haja huitaja nia yake kwa msomaji, dua huombwa kwayo, marashi hunyunyizwa, na sahani za pilau huzunguka. Wako wanazuoni wanaoyapinga haya nayo, na mjadala wao haujesha. Lakini naona wazi kwamba kinamama walihamisha humo kazi ya kilinge iliyokuwa njema, yaani kumpa mwanamke siku ambayo kalenda ya jamaa haikumpa, wakaiacha ile iliyowatia hofu. Hawakuamriwa na sheikh wala mzee wa kaya. Waliifanya wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa fedha za kusuka makuti na kuuza samaki na mihogo.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa mabinti waendao Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Bibi zao hawakuwa na ada ya safari kama hii, kwa sababu zamani aliyepanda jahazi kwenda Arabuni alikuwa mwanamume, na mwanamke ndiye aliyebaki kungoja. Sasa mama huweka nadhiri siku binti yake apandapo ndege, na binti arudipo salama, awe amerudi na fedha au amerudi mikono mitupu na maneno asiyoweza kumwambia baba yake, majirani huitwa baada ya alasiri, mikeka hutandikwa ukumbini, na yeye huketishwa katikati pamoja na wakongwe, mahali ambapo zamani aliketi mzazi wa siku arubaini.